Mlango Ulioshika Sabato

Kriii. Kimya. Kriii.

Mpaka leo nikisikia skrubu inatoka kwenye mbao kuukuu, mikono yangu huacha inachofanya. Si sauti kubwa. Ni kama ya panya anayelalamika: inakuja, inanyamaza kidogo mwenye bisbisi akigeuza kiganja, halafu inakuja tena. Ijumaa hiyo alasiri nilikuwa nimeinamia cherehani, natia lesi kwenye mkono wa gauni la kwanza la harusi nililowahi kupewa kushona, na mlango nilikuwa nimeurudishia ili upepo usinipulizie vumbi kwenye kitambaa cheupe. Nilidhani ni kinyozi wa chumba cha pili anakaza kiti chake. Hata niliimba kidogo. Halafu mwanga ukaingia ndani, mwingi, mwanga ambao sikuwa nimeuomba. Nikainua kichwa. Mlango wangu ulikuwa unaondoka, umebebwa mgongoni na kijana wa mwenye nyumba.

Watu wakisikia hadithi hii hucheka hapo. Nami hucheka nao. Lakini siku ile sikucheka, na ngoja niseme kwa nini.

Chumba chenyewe kilikuwa Keroka, kwenye ploti ya vyumba vinne inayotazama barabara ya kutoka Kisii kwenda Kericho. Mbele nilishona, nyuma ya pazia nililala. Malori makubwa yakipita, sindano ilitetemeka kwenye kitambaa, nami nilijifunza kungoja yapite ndipo nipige mshono ulionyooka. Nilikuwa nimetoka kwetu, kando ya ziwa, na cherehani ya marehemu shangazi yangu na ndoto zangu nyingi zisizo na mzigo. Shule niliiacha kidato cha pili karo iliposhindikana, na sikuililia sana, maana hata darasani nilikuwa nachora magauni nyuma ya kitabu cha hesabu. Keroka nilianza kwa zipu zilizokatika na suruali za kupunguza. Ila upande wa ndani wa mlango ule wa mbao nilichora gauni kwa chaki ya fundi. Refu, mabega wazi, lenye mkia unaofika chini kabisa pale mlango unapokaribia sakafu. Asubuhi nikifungua, gauni liligeukia ukutani. Jioni nikifunga, lilirudi kunitazama nikila. Nilijiambia kuna siku atakuja mtu aliombe.

Na alikuja. Mwalimu wa chekechea kutoka Nyacheki aliingia kupima sketi, akasukuma mlango ili wapita njia wasimwone, akaganda hapo.

"Hili nani ameagiza?"

"Bado hajapatikana."

"Basi amepatikana."

Harusi yake ilikuwa Jumapili. Jumamosi jioni, Sabato ikiisha, angekuja kuchukua gauni na kunipa pesa iliyobaki. Pesa hiyo ndiyo ingekuwa kodi yangu. Ukitaka kujua kitu kilichokuwa rohoni mwangu wiki hiyo, ni hicho tu: nikae ndani ya chumba kile na gauni likiwa safi mpaka Jumamosi jioni. Nikitolewa kabla, gauni halina pa kumaliziwa, kodi haina pa kutoka, na mimi sina pa kwenda ila nyumbani, nikashuke mbele ya watu walionisindikiza kwa nyimbo.

Kodi ilikuwa imechelewa. Hilo sikatai. Mwezi mzima ulikuwa umepita na wa pili umeshaanza kuzeeka. Lakini ilichelewa kwa njia ya ajabu. Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima, Mkisii, mjane, na sisi wapangaji wote tulimwita mong'ina, ndivyo Wakisii wanavyomwita mama wa umri huo kwa heshima. Alikuwa pia kiongozi wa akina mama wa kanisa lake, Wasabato, na hao akina mama walikuwa wamenipa kazi ya kushona sare: blauzi za buluu za mikono mirefu. Nilinunua kitambaa kwa pesa yangu, nikashona, wakavaa, wakapendeza. Malipo? Bonasi ikiingia.

Wewe ambaye hujakaa sehemu za majani chai huenda hujui uzito wa maneno hayo. Mkulima hupeleka majani kiwandani mwaka mzima kwa malipo kidogo kidogo, halafu mara moja kwa mwaka ndipo bonasi huja, na kila kitu huwa kinaisubiri. Karo inasubiri bonasi. Mahari inasubiri bonasi. Jino bovu linasubiri bonasi. Basi nikamwendea mong'ina nyumbani kwake, hapo hapo nyuma ya ploti.

"Mong'ina, kodi yangu imekwama ndani ya sare zenu."

"Najua, omwana one," akasema, yaani mwanangu. "Bonasi ikiingia tutakulipa, na wewe utanilipa mimi. Kunywa chai."

Nikanywa chai. Huo ndio uliokuwa mkataba. Mong'ina hakuwahi kuniandikia risiti hata siku moja. Kuniandikia risiti aliona ni kunitukana, ni kama mama anayemhesabia mwanawe viazi kwenye sahani. Nami nilijivunia hivyo. Niliwaambia watu, mimi sikai kwa mwenye nyumba, mimi nakaa kwa mama.

Halafu kijana wake akarudi kutoka Nairobi, akateuliwa, au alijiteua, kusimamia ploti. Jumatatu ya wiki hiyo alisimama mlangoni kwangu na funguo nyingi kidoleni, ambazo sijui zilikuwa za nini.

"Fundi, niaje. Ploti inabadilika."

"Inabadilika kuwa nini?"

"Hapa mbele tunaweka kioo na geti ya chuma. Inakuwa duka ya simu. Kuna msee ako tayari kulipa mara mbili ya hii yako."

"Na mimi?"

"Wewe uko na deni. Mtu wa deni haulizwi."

"Nilikubaliana na mama yako."

"Mathe ni wa zamani. Yeye ako na huruma, mimi niko na hesabu. Nakupa mpaka Ijumaa, ulipe yote na ukubali bei mpya, ama uhame. Kwani ziwa si liko tu hapo chini? Rudi ukavue omena."

"Ndugu yangu, mimi hata kuogelea sijui."

Kinyozi alicheka mpaka mteja wake akamwomba aondoe wembe shingoni. Nami nilicheka. Ndiyo tabia yangu, nikiogopa nacheka. Kijana alipoondoka nilikaa kitini nikagundua nimeshika mkasi kwa nguvu hadi umeniachia alama.

Jumanne nilienda kutafuta ofisi ya serikali. Hapo sasa ndipo utajua Keroka ni mji wa aina gani. Mpaka wa Kisii na Nyamira unapita katikati yake, na watu wamebishania mpaka huo tangu kabla sijazaliwa. Ofisi ya kwanza niliyoingia, bwana mmoja mwenye sweta alinisikiliza vizuri mpaka mwisho, akaniuliza ploti iko upande gani wa barabara. Nikamwambia.

"Ooh. Hapo si kwetu. Vuka."

Nikavuka. Upande wa pili nikakaa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi, nikaingia, nikaeleza upya, na mama wa pale akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Hapo unaposema, sisi husema ni kwao."

"Wao wamesema ni kwenu."

"Wanasema hivyo wakiona ni kesi."

Nikavuka tena. Bwana wa sweta alikuwa ameenda mkutanoni. Aliyebaki kwenye kiti chake alikuwa anakula ndizi mbivu, akanisikiliza huku anatafuna, halafu akaniuliza swali nililokuja kulichukia kuliko yote maishani mwangu: "Lakini madam, si ulipe tu kodi?"

Si ulipe tu. Kana kwamba pesa ilikuwa imelala mfukoni mwangu na mimi nimeamua kuvuka barabara kwa kupenda malori. Wanaokuja kutudai ushuru wa kibao cha duka hawahitaji ramani, wananipata moja kwa moja. Ni msaada tu ndio haukujua niko kaunti gani. Siku hiyo nilirudi nikiwa na matope mpaka magotini, na sare ya mtoto wa watu niliyotakiwa kumaliza ilibaki bila kola.

Jumatano alikuja mteja wangu mmoja, dada anayepiga chapa kwenye ofisi ya wakili mjini Kisii. Alikuja kwa blauzi tu. Nadhani uso wangu ulimwambia mengine, maana alivua viatu, akakaa kwenye debe la vitambaa, akasema, "Haya, toa."

Nikatoa. Alisikiliza huku anakuna kisigino.

"Mimi si wakili," akasema, "na vifungu usiniulize. Lakini barua hizi nazipiga kila wiki. Mwenye nyumba ya biashara hakupandishii kodi kwa mdomo, na hakutoi kwa mdomo. Lazima akupe notisi ya maandishi, kwa fomu yake maalum, na muda wake ni wa miezi, si wa siku. Wewe ukiikataa, kuna baraza la kusikiliza mambo hayo, mnaenda huko wote wawili."

"Lakini sina mkataba. Tulikunywa chai tu."

"Kutoandikiana hakukufanyi mwizi. Umekaa, umelipa, wamepokea. Wewe ni mpangaji."

"Na deni?"

"Deni ni lako, ulipe. Usije ukadhani haki inalipa kodi. Kuchelewa kunampa sababu ya kukupeleka mbele ya baraza. Hakumpi ruhusa ya kugusa kufuli wala mlango wako." Akainuka, akavaa viatu. "Na uanze kudai risiti, hata kama ni kwa nyanya yako."

Alhamisi nikamwambia yule kijana maneno hayo yote, pale pale kando ya barabara, kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa. Notisi. Fomu. Baraza. Akaniangalia kama mtu anayeangalia kuku aliyeanza kuongea.

"Notisi nimekupa. Kwa mdomo wangu mwenyewe. Unataka na bendi?"

Na Ijumaa akaja na bisbisi.

Nilitoka mbio mpaka kizingitini, gauni likiwa mikononi. "Unaupeleka wapi?"

"Unaenda kutengenezwa. Hii ni ukarabati."

"Umeharibika nini?"

"Ni mlango wa zamani."

"Na mama yako umesema ni wa zamani. Naye utamng'oa?"

Watu walikuwa wameshajaa, wauza ndizi, watu wa bodaboda, kila mtu, na wakalipuka kwa kicheko. Kinyozi akasema, "Ndugu, rudisha, mlango hauna deni." Kijana uso ukambadilika, lakini mtu akishabeba mlango mgongoni mbele ya soko zima, kurudi nyuma ni aibu kuliko kwenda mbele. Akaenda mbele. Skrubu zote sita zilikuwa mfukoni mwake. Nami sikuweza hata kumfuata. Nikitoka, ni nani atabaki na cherehani? Ni nani atabaki na kitambaa cheupe cha watu? Ndipo nikaelewa ujanja wa kumtolea mtu mlango. Unamfunga kwa kumfungulia. Nilisimama kwenye uwazi ule kama mbuzi aliyefungwa kamba, mkono mmoja umeshika gauni na mwingine umeshika fremu.

Mong'ina alikuwa kiwandani Itumbe siku hiyo, kupeleka majani ya chai. Alirudi jua likiwa linagusa milima, akitembea haraka kama wote watembeavyo Ijumaa jioni kabla Sabato haijaingia. Alipoona nyumba yangu imekaa kama mdomo usio na meno, aliweka kikapu chini. Alichomwambia mwanawe kwa Kikisii mimi sikukielewa, lakini kijana alikiinamia. Nikashusha pumzi. Nikasema, sasa yameisha.

"Ataurudisha," mong'ina akaniambia. "Na atakuomba msamaha, nikiwa nimesimama hapa." Halafu akainua macho akatazama milima, nami nikaona uso wake unavyofungika. "Lakini jua limezama, omwana one."

"Mong'ina, ni skrubu sita tu."

"Sabato imeingia. Kazi haifanyiki."

"Kuutoa si ilikuwa kazi?"

"Ilifanyika kabla. Na ilikuwa dhambi. Sasa unataka niongeze ya pili juu yake?"

"Na usiku?"

"Uje ulale kwangu."

"Na cherehani? Na gauni?"

Kuvihamisha ilikuwa kazi pia. Alisimama akifinya kanga yake, na niliona kwa macho yangu kwamba anaumia, na kuumia kwake kulinikasirisha zaidi, kwa sababu mtu anayekuumiza huku anakuhurumia hakuachii hata nafasi ya kumchukia. Baadaye aliniletea blanketi lake zito na sufuria ya ugali na chinsaga, mboga yao ile chungu, iliyopikwa kabla jua halijazama. Kinyozi akaniachia benchi lake nizibe chini. Nilining'iniza pazia kwenye uwazi, nikaketi na mgongo wangu ukutani. Usiku huo sitausimulia. Ulikuwa mrefu, na kila lori lililopita liliingia ndani na taa zake.

Asubuhi wakaanza kupita akina mama kwenda kanisani, wameshika Biblia, wamevaa blauzi zangu za buluu. Kila mmoja alinisalimia kwa upole.

"Bwakire."

"Bwakire buya."

"Mwana, mlango wako uko wapi?"

Wa kwanza nilimweleza. Wa pili pia. Wa tatu nikamwambia, "Umeenda Sabato. Umeshika amri kuliko sisi." Walicheka wakapita, wakaendelea kuzungumza habari hiyo mpaka kwenye kona. Nilizitazama kola zao. Zilikuwa zimekaa vizuri, nasema bila aibu. Kodi yangu ilikuwa inatembea mbele yangu imepigwa pasi, inakwenda kuimba, na mimi nimekaa kwenye benchi la kinyozi nalinda uwazi.

Kufikia saa sita mbingu ya upande wa mlima ilikuwa imegeuka rangi ya sufuria. Huku mvua haibishi hodi, alasiri ni yake. Uwazi wangu ulitazama pale pale inapotokea. Gauni lilikuwa limebakisha pindo la mkia tu, limening'inia kwenye msumari, na chumba kilikuwa kidogo kiasi kwamba hakukuwa na kona ambayo mvua ya kusukumwa na upepo isingeifikia. Nilijaribu kulifunga kwenye blanketi, nikaona lesi inakunjika, nikaliachia.

Mong'ina akapita, anarudi nyumbani kula kabla ya ibada ya mchana. Nikasimama mbele yake.

"Mong'ina, mvua inakuja. Naomba mlango."

"Jua likizama."

"Gauni litaloa kabla. Likiloa sina kodi. Si ile bei ya mwanao tu, hata ile tuliyokubaliana nawe. Basi niache niufunge mwenyewe. Mimi si Msabato, mimi huenda Jumapili."

Alifikiri. Namheshimu kwa hilo, alifikiri kweli. "Siwezi kukutuma kazi leo," akasema. "Amri haisemi mimi na wanangu tu. Inasema hata mgeni anayekaa kwangu."

Sijui maneno yalitoka wapi. Wiki nzima nilikuwa nimecheka, nimeomba, nimevuka barabara. Nilikuwa nimechoka kuwa mtoto mzuri.

"Mimi si mgeni wako," nikasema. "Wala si mwanao, ingawa nakupenda kama mama. Mgeni hukaa kwa hisani. Mimi nakaa kwa sababu nalipa. Nimechelewa, ndiyo, na nitalipa, lakini hata nikichelewa mimi ni mpangaji. Mlango ule ni wa chumba changu. Hunitumi wewe. Najituma mwenyewe."

Mong'ina alinitazama kwa muda ambao ulinitosha kujuta na kuacha kujuta. Aliumia, hilo niliona. Neno mpangaji lilimwingia kama nimemrudishia chai yake yote. Kisha akahamisha Biblia kutoka kwapa hili hadi lile.

"Geti halijafungwa," akasema, akitazama pembeni. "Na ng'ombe hapigi teke."

Akaenda zake. Lakini hakwenda nyumbani. Alirudi kanisani bila kula, ili asiwepo.

Nikamwachia kinyozi chumba, nikaenda nyuma ya ploti. Mlango ulikuwa umeegemezwa kwenye zizi, gauni langu la chaki limetazama ndani, na ng'ombe alikuwa ameuramba mkia wote. Kuanzia magotini kwenda chini hakukubaki kitu ila mate. Hapo nilicheka, peke yangu, mpaka machozi. Nikakunja leso ikawa ngata, nikauinua mlango, nikautia kichwani kama tulivyokuwa tunabeba maji kutoka ziwani, na shingo ikakumbuka. Soko lilinipisha. Mtu mmoja wa bodaboda akapiga honi kama kwenye harusi.

Skrubu hazikuwepo, zilikuwa bado mfukoni mwa yule kijana, huko aliko. Nikatoa tatu kwenye rafu yangu ya nyuzi. Nikaukalisha mlango juu ya mawe mawili ili ufike kimo chake, nikausukuma kwa goti, na kwa ile bisbisi ndogo ya cherehani nikazikaza moja juu, moja chini, na ya tatu pale mbao ilipokubali. Matone ya kwanza yalinikuta nimeushika kwa mikono yote miwili. Nikaingia, nikaufunga, nikasikia mvua inaupiga kwa hasira, kama mtu aliyekuja akakuta wenyewe wapo.

Mwalimu wa Nyacheki alikuja jua lilipozama, na mwamvuli na mashangazi wawili. Gauni lilikuwa kavu, na pindo la mkia nimelimaliza. Mashangazi walipiga vigelegele. Nilipopokea pesa yangu nilienda moja kwa moja kwa mong'ina kabla hata sijala, nikalipa deni lote, nikasimama.

"Umebakisha nini?" akauliza.

"Risiti, mong'ina."

Aliandika. Kalamu ilikuwa inakataa na mkono wake ukikawia, na hakuniambia ninywe chai. Mwanawe alikuwa amekaa pembeni, akaomba msamaha kama alivyoagizwa, akiutazama ukuta, halafu akaongeza kwamba notisi ya maandishi itakuja, kwa fomu yake, kama nilivyoitaka. Nikamwambia ikija nitaisoma. Haijaja bado. Huenda ikaja kesho. Zile ofisi mbili bado zinanionyeshea upande wa pili wa barabara. Bonasi iliingia, akina mama wakanilipa wote, wa mwisho kabisa akiwa mong'ina, na wiki ile aliniita tena omwana one, kwa sauti ya chini, kama anayejaribu kama kiatu bado kinamtosha.

Lakini usiku ule wa Jumamosi nilirudi chumbani bila chai. Mlango ulipokuwa ukifunguka kwenye skrubu zake tatu ulilia: kriii. Mwili wangu wote ukashtuka. Nikafunga, nikautazama. Gauni lisilo na mkia lilinitazama nalo. Nikachukua kile kichupa cha mafuta ya cherehani, nikapanda juu ya debe la vitambaa, nikadondosha tone kwenye bawaba ya juu, nikashuka, nikachuchumaa, nikadondosha la pili kwenye ya chini. Nikayafuta yaliyomwagika kwa kipande cha lesi kilichobaki. Nikaufungua mlango. Nikaufunga. Nikaufungua tena, polepole, nikitega sikio. Haukusema kitu.